IST, Passo au Vitz? Ulinganisho kwa anayenunua gari dogo lililotumika

Swali la "nichukue IST au Passo?" halijibiki mpaka useme IST ipi na Passo ipi. Yote matatu ni magari ya Toyota. IST ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, ilitoka na injini mbili tofauti. Passo ya kwanza, 2004 hadi 2010, nayo ina mbili. Vitz ya 2005 hadi 2010 ina zaidi ya hapo. Anayekwambia Passo haina nguvu huenda aliendesha ya cc 996. Anayekwambia Passo inapanda mlima kama kawaida aliendesha ya cc 1297. Wote wamesema kweli, ila wanazungumzia magari mawili tofauti. Ushauri mwingi wa kijiweni unampoteza mnunuzi kwa sababu hiyo: unataja jina la gari, hautaji modeli.

Anza na kibati

Fungua boneti utafute kibati cha kiwandani, kwa kawaida kipo kwenye ukuta kati ya injini na kioo cha mbele. Kwenye neno MODEL utasoma kitu kama UA-NCP60 au DBA-SCP90. Herufi za kabla ya kistari ni za viwango vya moshi vya Japani, zisikusumbue. Zinazofuata ndizo gari lenyewe.

NCP60 ni IST ya 1.3. NCP61 ni IST ya 1.5, na NCP65 ni 1.5 inayovuta magurudumu yote manne. Kwa Passo, KGC10 ni ya 1.0 yenye silinda tatu, QNC10 ni ya 1.3 yenye silinda nne. Kwa Vitz, SCP90 ni 1.3, KSP90 ni 1.0 yenye injini ileile ya Passo ndogo, NCP91 ni 1.5, na NCP95 ni 1.3 ya magurudumu manne.

Usidanganyike na namba ya usajili. Dalali akitangaza "IST namba E, kama mpya", herufi hiyo inakueleza lini gari lilisajiliwa Tanzania, basi. Gari la 2004 lililoshuka bandarini juzi litapata namba ya juzi. Mwaka wa kutengenezwa unausoma kwenye kadi ya gari, halafu unauhakikisha kwenye lebo zilizoshonwa chini ya mikanda ya viti, ambazo mara nyingi zina mwaka. Mkanda wa 2003 kwenye gari linaloitwa la 2006 unahitaji maelezo.

Kwa namba

| | IST (NCP60 / NCP61) | Passo (KGC10 / QNC10) | Vitz (SCP90) |
|---|---|---|---|
| Injini | 2NZ-FE cc 1298 / 1NZ-FE cc 1496 | 1KR-FE cc 996 / K3-VE cc 1297 | 2SZ-FE cc 1296 |
| Nguvu za farasi | 87 / 109 | 71 / 90 | 87 |
| Giaboksi | otomatiki, gia 4 | otomatiki, gia 4 | CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia) |
| Urefu | mita 3.86 | mita 3.60 | mita 3.75 |
| Tairi za mbele hadi za nyuma | mita 2.37 | mita 2.44 | mita 2.46 |
| Tairi (nyingi) | 185/65R15 | 155/80R13 | 165/70R14 |
| Tangi | lita 45 | lita 40 | lita 42 |

Mstari wa tano ndio unaoshangaza watu. Passo ni fupi kuliko IST, lakini tairi zake zimesogezwa pembeni zaidi, ndiyo maana abiria wa nyuma kwenye Passo ana nafasi ya magoti kuliko wa IST. IST imejengwa kwa umbo la kimichezo: boneti inaonekana nene, mlango wa nyuma mzito, kiti cha mbele kizuri, lakini mtu mrefu akikaa nyuma ya dereva mrefu atateseka. Vitz ndiyo yenye nafasi kuliko zote tatu.

Injini: ipi inadumu, ipi inaudhi

IST inauzika kwa sababu ya injini yake. 1NZ-FE ni injini ileile iliyomo kwenye Probox ya 1.5, Raum, Fun Cargo ya 1.5, Porte, Sienta, Corolla na Allion za cc 1500. 2NZ-FE ni mdogo wake, wamechangia sehemu nyingi. Ukiharibikiwa Tunduma, Kahama au Masasi, kuna fundi aliyeifungua mara nyingi na duka lenye spea zake. Inatumia mnyororo wa taiming, siyo mkanda, kwa hiyo hakuna ule mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita laki moja.

Ugonjwa wake mkubwa ni kula oili. Chanzo mara nyingi ni oili iliyocheleweshwa: uchafu unaziba vitundu vya ringi ya oili kwenye pistoni, oili inabaki ukutani mwa silinda na kuungua. Dalili ni moshi wa bluu, hasa gari likiwa limekaa likinguruma dakika tano kisha ukakanyaga mafuta. Pima hivi: jaza oili hadi alama ya juu ya stiki, tembea kilomita 1000, pima tena. Ikishuka kidogo, endelea na maisha. Ikifika lita moja kwa kila kilomita 1000, hesabu ovahoo au injini nyingine. Na injini nyingine iliyotumika inaweza kuja na ugonjwa uleule, kwa hiyo ovahoo ya ringi na sili za vavu kwa fundi anayejua kupima silinda huwa fedha bora zaidi.

Shida ya pili kwenye 1NZ na 2NZ ni gari kukosa utulivu likiwa limesimama. Kabla hujanunua chochote, safisha throto. Kisha angalia vavu ya oili ya VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa vavu kufunguka), iliyo kichwani mwa injini upande wa mnyororo: ina kichujio kidogo cha wavu kinachojaa matope ya oili na kufanya injini izubae. Ikiwa bado gari lina misi, yaani silinda fulani haichomi vizuri, soma kodi za hitilafu kwa mashine. P0301 hadi P0304 zinataja silinda ya kwanza hadi ya nne. Chomoa koili ya silinda iliyotajwa, ibadilishane na ya silinda ya jirani, futa kodi, endesha. Tatizo likihama na koili, koili ndiyo mbaya. Likibaki palepale, angalia plagi, halafu nozeli. Jaribio hilo ni la dakika kumi na linaokoa bei ya koili tatu nzima ambazo ungeuziwa "kwa pamoja ili usirudi tena gereji".

Passo ya 1.0 ni habari nyingine. 1KR-FE iliundwa na Daihatsu, na Passo yote ni kazi ya Daihatsu. Kaka yake anaitwa Daihatsu Boon na spea zao nyingi zinaingiliana. Injini hii ilichaguliwa kuwa bora ya mwaka kimataifa katika kundi la chini ya lita moja, miaka minne mfululizo, 2007 hadi 2010. Ni nyepesi, inabana mafuta, na ina mnyororo pia. Lakini silinda tatu hutikisika. Kutikisika kidogo likiwa limesimama ni tabia yake ya kuzaliwa. Kupitiliza ni ugonjwa, na mara nyingi ni maunti za injini, zile raba zinazoishikilia kwenye bodi. Weka D huku umekanyaga breki, sikiliza; weka N, sikiliza. Mtikisiko ukiwa mkubwa kwenye D na kuisha kwenye N, maunti zimechoka. Ukibaki sawa kote, hapo ndipo unatafuta koili na plagi. Wengi wamebadilishiwa koili zote tatu za Passo wakati kilichokuwa kimekufa ni raba ya maunti moja.

QNC10, Passo ya 1.3, ndiyo gari ninalolitetea bila kusita katika makala haya yote. Watu hawaiulizii. K3-VE ina nguvu za farasi 90 kwenye gari lenye uzito wa chini ya tani moja. Inachapuka kuliko IST ya 1.3, haitikisiki, na dalali huiuza kwa bei inayokaribiana na ya cc 996 kwa sababu mnunuzi anasikia "Passo" tu. Ubaya wake ni kwamba spea za K3-VE siyo za kila duka. Dar, Arusha na Mwanza utapata. Wilayani utaagiza na kusubiri basi.

Kwenye Vitz SCP90, sikiliza mnyororo. Washa injini ikiwa baridi kabisa. Mlio wa kukwaruza wa sekunde moja mbili kisha kimya siyo mwisho wa dunia, ila ni onyo. Mlio unaoendelea maana yake mnyororo umelegea, na mnyororo wa 2SZ-FE ukiruka jino vavu zinagongana na pistoni. Muuzaji akisema "ndivyo zilivyo hizo", mpe mkono, ondoka.

Jambo moja linaloua injini ndogo zote hizi: kipimo cha joto. Vitz hii na Passo nyingi hazina mshale wa joto. Kuna taa ya bluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikichemka, basi. Nyekundu ikiwaka, simama hapohapo, siyo sheli inayofuata. Kichwa cha injini ya alumini hakingoji kilomita mbili. Taa ya bluu nayo ina habari: ikichelewa sana kuzima au ikirudi kuwaka njiani, kuna fundi alishang'oa thamostati, vavu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, "ili gari lisichemke". Injini isiyopata joto hutumia mafuta mengi, na otomatiki ya gia nne huzuia gia ya nne mpaka maji ya rejeta yapate joto, kwa hiyo gari litakuwa linalia kwenye gia ya tatu barabara kuu na mwenyewe hajui kwa nini. Rudisha thamostati, jaza kulanti badala ya maji ya bomba, uone tofauti.

Oili: lita ngapi hasa

Hapa ndipo magari mengi yanaumizwa na watu wenye nia njema. Dumu la oili ni lita 4. 1NZ na 2NZ, ukibadilisha na filta, zinataka lita 3.7. Passo ya 1.0 inataka takriban lita 3. Fundi asiyependa kubakiza humwaga dumu lote. Kwenye IST ziada ni kidogo. Kwenye Passo ni karibu lita nzima. Oili ikizidi kiasi hicho, krenki huipiga na kuifanya povu, povu halilainishi, na shinikizo linasukuma oili kupitia sili. Mwenye gari anaona linavuja, anaambiwa sili zimekufa, anashusha injini.

Mwaga lita mbili na nusu kwanza, washa sekunde thelathini, zima, subiri dakika tano gari likiwa mahali tambarare, kisha pima na kuongeza kidogo kidogo hadi kati ya alama mbili. Inayobaki rudi nayo nyumbani. Kwa gari lenye umri huu kwenye foleni na vumbi, kilomita 5000 ni muda mzuri wa kubadilisha. Lebo ya dumu ikisema 10,000, hiyo si ya foleni ya Mbagala.

Giaboksi

IST na Passo ya kwanza zina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Haina mbwembwe, haibani mafuta kama CVT, lakini inastahimili, na inapoanza kufa inakutumia salamu mapema: inachelewa kuingia gia, inapiga teke ikitoka ya pili kwenda ya tatu. Giaboksi ya IST inataka oili ya Toyota aina ya T-IV au inayolingana nayo. Ukifungua nati ya chini hutoka takriban lita 3 tu. Zaidi ya nusu inabaki ndani. Njia salama kwa gari usilojua historia yake ni kutoa hizo lita 3 na kurudisha lita 3, kuendesha wiki mbili tatu, kurudia. Usikubali mashine ya kusukuma oili yote kwa nguvu kwenye giaboksi ambayo haijaguswa miaka kumi, maana uchafu uliokuwa umetulia unahamia kwenye vavu.

Vitz SCP90 ni CVT. Hapa hakuna gia za meno zinazobadilishana. Kuna mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Ikiwa nzima ni raha: haishtui, inabana mafuta, inateleza kwenye foleni. Ila inataka oili yake ya CVT, na oili ya otomatiki ya kawaida inaiua. Mkanda unahitaji msuguano maalumu ambao T-IV haina. Unaanza kuteleza, unachubua puli, na hakuna kutengeneza, ni kununua giaboksi. Kwa nini kosa hili linatokea sana? Kwa sababu lever ina P-R-N-D kama magari mengine, na fundi anaona "otomatiki". Kwenye kibati kuna neno TRANS/AXLE. Kwa Vitz, namba inayoanza na K ni CVT, inayoanza na U ni otomatiki ya gia. Mwonyeshe fundi kabla hajafungua chochote.

Kujaribu CVT kabla ya kununua: gari likipata joto, simama mahali penye mwinuko mdogo, achia breki na ondoka taratibu mno, kwa kasi ya mtu anayetembea. Mtetemo wa mfululizo kama gari linapita juu ya mabati ni dalili mbaya. Endesha dakika ishirini, siyo mbili. CVT mbovu hujificha ikiwa baridi.

Mafuta

Karatasi za Japani zinaipa Passo ya 1.0 zaidi ya kilomita 20 kwa lita. Hiyo ni maabara. Kwa gari zima, foleni za Dar es Salaam na AC imewashwa, hesabu ya kujipangia bajeti ni kama hivi: Passo 1.0 kilomita 13, Vitz 1.3 kilomita 12 na nusu, IST 1.3 kilomita 11, IST 1.5 kilomita 10. Barabara kuu, kwa mguu mtulivu, ongeza kilomita tatu hadi nne kwa kila moja.

Sasa piga hesabu. Mtu wa Kimara anayekwenda Posta na kurudi, kilomita 40 kwa siku, siku 25, ni kilomita 1000 kwa mwezi. Passo itataka lita 77, IST ya 1.3 lita 91, IST ya 1.5 lita 100. Tofauti ya Passo na IST ya 1.3 ni lita 14 kwa mwezi. Hiyo ni pesa, lakini siyo ile pesa ya kutisha watu wanayoizungumzia. Koili mbovu, sensa ya oksijeni iliyokufa au tairi zisizo na upepo vitakula zaidi ya hapo kwenye gari lolote.

Kipimo cha kweli ni kujaza tangi mpaka pampu ijizime yenyewe, kurudisha kilomita za safari kwenye sifuri, kutembea angalau kilomita 200, kisha kujaza tena kwenye pampu ileile. Kilomita gawanya kwa lita zilizoingia. Kukadiria kwa mshale wa tangi ni kujidanganya.

Safari na milima

Mjini peke yako au wawili, Passo ya 1.0 inatosha, na kuegesha Kariakoo kwenye nafasi ambayo IST ingeikosa ni faida ya kila siku. Shida inaanza mkiwa wanne na mizigo, Dar kwenda Iringa, na mlima wa Kitonga uko mbele. Farasi 71, AC, watu wanne: itapanda, lakini kwenye gia ya pili, injini ikilia, nyuma ya lori ambalo huna nguvu ya kulipita. Kupita lori kwa gari la cc 996 kunataka nafasi ndefu sana ya barabara, na hapo ndipo watu wanapofia. Anayesafiri mkoani zaidi ya mara moja kwa mwezi na familia achukue IST ya 1.5 au Passo ya 1.3. Sibadilishi msimamo wangu kwenye hilo.

Kushuka nako kuna kanuni. Mlima mrefu usishuke na D huku umekanyaga breki mfululizo. IST ina kitufe cha O/D, kinachozuia gia ya nne ukikizima. Kizime, na pakiwa pakali zaidi weka 2, injini ishike gari. Nyuma magari haya mengi yana breki za ngoma, na mbele diski ndogo. Zikipata joto kupita kiasi, zinapoteza nguvu na gari halisimami.

Upepo wa pembeni unaitikisa Passo kuliko IST, kwa sababu ni ndefu kwenda juu, nyembamba na nyepesi. Dereva mzoefu wa IST akishika Passo barabara ya Singida kwa mara ya kwanza atahisi inamkimbia mikononi.

Miguu ya gari

Barabara zetu zinakula stablaiza linki na bushi za kontrol amu kwenye yote matatu. Mlio wa "ko-ko" kwenye mashimo madogo kwa mwendo mdogo huwa ni linki. Ni spea ya bei ndogo, badilisha zote mbili. Mlio mzito unapokanyaga breki au kuondoka ni bushi. Mlio wa "ka-ka-ka" ukikata kona usukani ukiwa mwisho ni CV jointi.

Kunyanyua gari kwa spesa kumekuwa fasheni. Inchi moja inavumilika. Zaidi ya hapo shafti zinakaa kwa pembe mbaya, raba za CV jointi zinapasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia, na unarudi gereji. Njia isiyo na madhara mengi ni kupanda saizi moja ya tairi: IST kutoka 185/65R15 kwenda 195/65R15 inanenepa kwa kipenyo cha milimita 13, yaani karibu nusu ya hiyo kwenda juu, na spidomita inapungukiwa asilimia 2 hivi. Kwa Passo, 165/80R13 inafanya kazi hiyo. Pita wili alaimenti baada ya hapo, na kata usukani mpaka mwisho pande zote kuona kama tairi inagusa.

Tairi za inchi 13 za Passo ni rahisi kuliko za inchi 15 za IST, na tofauti unaiona ukinunua nne kwa mpigo. Lakini tairi ndogo inaingia shimoni zaidi. Anayeishi nje ya lami, kule Goba ndani au Kivule wakati wa mvua, atafurahia miguu ya IST.

Kodi, na kuuza baadaye

Tanzania, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini hauitozi gari la hadi cc 1000. Kuanzia 1001 hadi 2000 ni asilimia 5. Passo ya cc 996 na Vitz KSP90 zinapita chini ya mstari huo. Ushuru wa uchakavu unazigusa zote kwa umri wake, kwa hiyo weka mwaka na cc kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla hujalipia gari Japani, kwa sababu kodi inaweza kukaribia au kupita bei ya gari lenyewe.

Kenya gari lililopita miaka 8 tangu usajili wa kwanza haliingizwi, kwa hiyo IST na Passo hizi zilizopo Nairobi na Mombasa zote ni za kununua kwa mwenye nalo, na ukaguzi unakuwa na uzito mara mbili.

IST unainunua ghali na kuiuza ghali. Ukiitangaza Jumatatu, kabla ya Ijumaa una watu watatu, wengi wao madereva wa teksi za mtandaoni. Passo ya 1.0 husubiri zaidi, na Vitz ya CVT husubiri kuliko zote kwa sababu mnunuzi naye amesikia habari za giaboksi. Mtu mwenye mpango wa kubadilisha gari baada ya miaka miwili akipigia hesabu kuanzia siku ya kununua mpaka ya kuuza, IST mara nyingi inatoka nafuu ingawa inakunywa lita 14 zaidi kwa mwezi.

Siku ya kulikagua

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna jambo lilikuwa linafichwa, rudi kesho asubuhi. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi: rangi ya chai ya maziwa maana yake oili imechanganyika na maji, kutu nyekundu maana yake limekuwa likinyweshwa maji ya bomba. Chomoa stiki ya oili, kisha ya giaboksi kama ipo. Oili ya giaboksi iwe nyekundu au ya udhurungi mwepesi. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni hapana. Washa. Kanyaga breki, peleka kwenye D, kisha R, hesabu moja, mbili: gia iwe imeingia kabla ya mbili.

Linganisha kilomita za dashibodi na pedali ya breki. Raba iliyolika mpaka chuma haiendani na kilomita 68,000. Soma maandishi madogo kwenye vioo vyote. Kioo kimoja chenye chapa tofauti na wenzake kimebadilishwa, uliza kwa nini. Nyanyua zulia la buti na uguse sakafu pale tairi la akiba linapokaa: bati lililokunjamana hapo liligongwa nyuma. Magari yaliyowahi kuzama kwenye mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, hujulikana chini ya viti, kwenye reli, palipobaki mchanga mwembamba na kutu ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta.

Ukiridhika, chukua namba ya fremu iliyogongwa kwenye bodi na namba iliyogongwa kwenye injini, weka kadi pembeni, usome herufi moja moja kwa sauti huku mwenzako akifuatisha. Angalia pia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi, kwa sababu deni linafuata gari. Injini ikiwa imebadilishwa na kadi haijabadilishwa, muuzaji akamalize hilo TRA kwanza, ndipo mzungumze bei.